Hudson's Bay Company: kampuni ya ngozi iliyoishia kuwa maduka, ilidumuje miaka 355?

Mwl_Isevya (Tabora)

Wakuu, salaam.

Kwenye mada ya kampuni za hati ya kifalme, yaani zilizopewa na mtawala kibali cha kufanya biashara na kutawala, huwa tunafundisha zilezile: ya Carl Peters, iliyopata hati Februari 1885 na ikafa Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilipochukua utawala, na IBEAC (kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki) ya Mackinnon, 1888 hadi 1895. Zote hazikufika miaka kumi. Kisha anatokea mwanafunzi anauliza kuhusu Hudson's Bay Company ya Kanada, iliyopewa hati mwaka 1670 na kufunga maduka yake Juni 2025. Vitabu tulivyonavyo vinasema "kampuni ya manyoya", nukta.

Naomba wenye ujuzi mnieleze utendaji wenyewe. Ngozi ilikuwaje fedha? Kampuni iliachaje kutawala na isife? Duka liliingilia wapi? Na kilichoiua ni nini hasa, maana jibu la "biashara ya mtandaoni" linanitia shaka. Kama kuna pa kuifananisha na misafara ya Unyanyembe au soko la Ujiji itanisaidia darasani, ila msilazimishe.

Bohari_Ujiji (Kigoma)

Mwalimu, anza na kofia.

Wazungu wa karne ya 17 walivaa kofia za felti, na felti bora ilitokana na biva, mgugunaji wa mtoni mwenye mkia bapa. Mwili wake una manyoya ya tabaka mbili: juu marefu na magumu, chini sufi fupi laini. Kila unywele wa sufi hiyo una vijimeno visivyoonekana kwa macho, hivyo ikipigwa na kukandamizwa kwa maji moto hushikana ikawa kitambaa kigumu kinachovumilia mvua. Mtengeneza kofia hakuwa na haja na ngozi wala manyoya marefu, alitaka sufi tu. Ndiyo maana mwanzoni ngozi kuukuu ilipendwa kuliko mpya: wenyeji walishona vazi la ngozi za biva wakalivaa mwaka au zaidi, manyoya yakiwa upande wa ndani, na jasho, mafuta ya mwili na msuguano vikapukutisha yale marefu. Ngozi mpya iliyokaushwa ilihitaji kazi zaidi. Baadaye mafundi wakaitibu sufi kwa zebaki, na wengi wao wakaharibika mishipa ya fahamu.

Wafaransa wawili, Radisson na Groseilliers, walinyang'anywa ngozi na kutozwa faini na watawala wa Kanada ya Kifaransa. Wakaenda London na wazo lao: msipite mto St. Lawrence, pitisheni meli kaskazini hadi ghuba ya Hudson Bay, mnunue karibu na wanaowinda. Mwaka 1668 zikaondoka meli mbili. Eaglet ilishindwa na dhoruba ikarudi. Nonsuch ikafika, ikapitisha majira ya baridi huko, ikarejea Oktoba 1669 na shehena ya ngozi. Tarehe 2 Mei 1670 Mfalme Charles II akatoa hati, na binamu yake Prince Rupert akawa gavana wa kwanza. Hati iligawa ardhi yote ambayo mito yake humwagika kwenye ghuba ile, takriban kilomita za mraba milioni 3.9, zaidi ya mara nne ya Tanzania. Wacree na wengine waliokuwa wenye nchi hawakuulizwa neno.

Sasa fedha. Kipimo cha bei kilikuwa ngozi moja ya biva mkubwa, ya majira ya baridi, iliyotayarishwa vizuri. Ngozi za wanyama wengine zilibadilishwa kwanza kuwa hesabu ya biva, kisha bidhaa zikatolewa kwa hesabu hiyo. Katika miaka ya 1730 kituo cha Albany kilitoza ngozi 10 hadi 12 kwa bunduki, na sufuria za shaba zilikwenda kwa uzito. Karne ya 19 zikagongwa hata sarafu za shaba za ngozi 1, 1/2, 1/4 na 1/8, ili mtu alete mzigo leo, achukue bidhaa kidogo kidogo.

Kuna jambo wanafunzi wasipolielewa hawataelewa faida ilitoka wapi. Orodha za bei zilikuwa mbili: iliyotoka London, na ile aliyoitumia mkuu wa kituo. London ikisema ratili ya baruti kwa ngozi kadhaa, mkuu alipima pungufu. Ni lumbesa iliyogeuzwa: kwetu mnunuzi humjazia mkulima gunia lipite mdomo, kule muuzaji alipunguza kipimo. Ziada iliyopatikana iliingizwa vitabuni katika fungu lake, na sehemu yake ikalipia zawadi walizopewa viongozi wa wawindaji kabla mizani haijaguswa. Mfaransa akisogeza kituo karibu, kipimo kilijaa haraka. Wacree walijua hilo vizuri na walilitumia.

Na mali kauli ilikuwepo. Vuli mwindaji alichukua baruti, risasi, mitego na blanketi, jina likaandikwa kwenye daftari la madeni. Baada ya majira ya baridi analipa kwa ngozi. Ugonjwa wa mfumo huu ni ule unaojulikana na kila mnunuzi wa tumbaku huku Urambo: aliyekopeshwa na wewe anaweza kuuza kwa mwingine.

Mtaji nao ulikaa sana. Meli zilitoka London mwishoni mwa Mei au mapema Juni, zikapita Stromness katika visiwa vya Orkney kuchukua maji na vibarua, zikasubiri barafu ya mlango wa bahari ifunguke, zikafika Agosti na kulazimika kuondoka Septemba. Kituo cha bara kikiagiza bidhaa mwaka huu, zitafika mwaka ujao, zitauzwa majira ya baridi yanayofuata, na ngozi zitapigwa mnada London mwaka wa tatu. Mwenye mtaji mwembamba hakuweza kucheza mchezo huo, na hiyo peke yake ni nusu ya jibu la kwa nini washindani wengi walikatika njiani.

Kibirizi_77 (Kigoma)

Bohari kaeleza vema. Naongeza mawili ambayo mtandaoni yamejaa uongo.

La kwanza, hadithi kwamba bunduki ilisimamishwa wima na mnunuzi akapanga ngozi hadi zifikie mdomo wa mtutu. Haikuwa hivyo. Bei iliandikwa kwa idadi: ndefu ya futi 4 ngozi 12, ya futi 3 na nusu ngozi 11, ya futi 3 ngozi 10. Ukizipanga ngozi 12 za biva zilizokaushwa hata goti hazikufikii.

La pili, ile mistari mifupi myeusi pembeni mwa blanketi zao zenye milia ya rangi nne (kijani, nyekundu, njano, nili). Watu husema ilionyesha bei kwa ngozi. Ilionyesha ukubwa na uzito wa blanketi, ili mtu ajue bila kulikunjua. Blanketi za mistari hiyo ziliingia katika biashara ya kampuni karibu mwaka 1780.

Kuhusu Unyanyembe, ulinganisho mmoja unasimama wenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32, akatembea nao kutoka Tabora hadi pwani. Kule kifurushi cha kawaida kilikuwa ratili 90, kilo 41, na penye maporomoko mtu alibeba viwili kwa mkupuo, mkanda ukishika paji la uso. Lakini alibeba vipande tu vya njia. Kilichobaki kilibebwa na mtumbwi au mashua. Ndiyo sababu gharama yao kubwa ilikuwa chakula cha wapiga makasia: nyama ya nyati wa Amerika iliyokaushwa, ikatwangwa, ikachanganywa na mafuta yaliyoyeyushwa, ikashindiliwa katika mfuko wa ngozi wa ratili 90 zilezile. Januari 1814 gavana wa koloni la walowezi la Red River alipopiga marufuku chakula hicho kutolewa nje ya eneo lake, ugomvi na kampuni shindani ya North West ukageuka mapigano, na Juni 1816 watu wapatao 22 wakauawa Seven Oaks, wengi wao wa upande wa koloni.

Shanga za Ujiji pia zinafaa darasani. Msafara uliofika na shanga za rangi isiyotakiwa sokoni ulikwama nazo. Kule nako wawindaji walikataa bidhaa: mashoka ya chuma kibovu, na bunduki zilizopasuka kwenye baridi kali. Malalamiko yao yaliandikwa na wakuu wa vituo na kupelekwa London, na bodi ikabadilisha mafundi. Kumchora mnunuzi wa kule kama mtu aliyepokea chochote ni kumpunja mara ya pili.

Bi_Kanyenye (Tabora)

Mwalimu wangu, nianze na sahihisho dogo. Kampuni ya Peters haikufa 1891. Ilipokonywa utawala baada ya vita vya Abushiri, ikaendelea kama kampuni ya mashamba na biashara. Ukiweka hivyo ubaoni, swali lako linakaa sawa: nini hubaki kampuni ikivuliwa utawala?

IBEAC ililipwa pauni 250,000 mwaka 1895 na hadithi ikaishia hapo. Hudson's Bay ililipwa pauni 300,000. Tofauti ya fedha ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye kifungu cha ardhi.

Kwa mkataba wa Novemba 1869 kampuni iliachia nchi yote, lakini ikabakiza viwanja vilivyozunguka vituo vyake, karibu ekari 50,000, pamoja na sehemu moja ya ishirini ya ukanda wenye rutuba, ulioanzia mpaka wa Marekani hadi mto North Saskatchewan, na kutoka ziwa Winnipeg hadi milima ya Rocky. Sehemu hiyo ilipatikana hivi, na hesabu yake ni tamu kuifanya na wanafunzi. Serikali ya Kanada ilipima nchi kwa miraba ya maili 6 kwa 6. Kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya ekari 640. Kampuni ilipewa kipande namba 8 chote na robo tatu ya kipande namba 26. Hiyo ni vipande 1.75, ilhali moja ya ishirini ya 36 ni 1.8. Ili kufidia upungufu, katika kila mraba wa tano kampuni ilichukua namba 26 yote. Piga: mara nne 1.75 ni 7, ongeza 2, gawa kwa 5. Unapata 1.8 kamili. Jumla ilikaribia ekari milioni 7.

Angalia ujanja wake. Ardhi hiyo haikuwa pembeni mahali pamoja; ilitawanyika kati ya mashamba ya wahamiaji. Kila reli ilipofika, kila mlowezi alipofyeka, kipande cha kampuni jirani yake kilipanda bei bila kampuni kushika jembe. Reli ya Canadian Pacific ilikamilika 1885. Mapato ya viwanja yalikuja wakati biva ameshapoteza soko, kwa maana tangu miaka ya 1840 wanaume wa Ulaya walihamia kofia za hariri.

Walioumia wanajulikana. Watu wa Métis wa Red River, machotara wa Wazungu na wenyeji, wakiongozwa na Louis Riel, waliamka na kusema hawauzwi pamoja na ardhi yao; makabidhiano yaliyopangwa Desemba 1, 1869 yakasogezwa hadi Julai 15, 1870, na mkoa wa Manitoba ukazaliwa humo.

Bohari_Ujiji (Kigoma)

Bi_Kanyenye, kwa heshima, ardhi isingekuwepo ya kubakiza kama si mwaka 1821. Kampuni ilikuwa hoi. North West walikuwa wakikusanya ngozi bara huku yenyewe ikingoja pwani. Kituo chake cha kwanza cha kudumu bara, Cumberland House, kilijengwa 1774, zaidi ya miaka mia moja baada ya hati. Kampuni hizo mbili zilipounganishwa mwaka huo wa 1821, faida iligawanywa hisa 100, na 40 kati ya hizo zikaenda kwa maofisa wa vituoni wenyewe. Mtu aliye porini akawa mwenye mali, wizi na uzembe vikapungua. Kisha George Simpson, aliyesimamia hadi kifo chake 1860, akafunga vituo vilivyorudufiana na kuweka ukomo wa biva wa kuwindwa kila wilaya. Biva huzaa mara moja tu kwa mwaka, watoto wachache. Ukivuna bila mpango, mto mzima unakwisha.

Ila Simpson huyohuyo, upande wa Oregon ambako Wamarekani walikuwa wakikaribia, aliamuru wawindwe wote wasibaki, ili mshindani akute pakavu. Ukimfundisha kama mhifadhi, fundisha na hilo.

Mwl_Isevya (Tabora)

Asanteni sana, hasa kwa namba 8 na 26, hiyo naitumia. Na Bi_Kanyenye nimepokea kuhusu Peters. Bado duka. Kituo cha ngozi si tayari duka? Walibadilisha nini?

Gungu_Kgm (Kigoma)

Mwalimu, kituo cha ngozi na duka vinafanana kwa rafu tu.

Kituoni mnunuzi ni yuleyule mwaka hadi mwaka, bidhaa aina chache zinazojulikana, bei ya mwaka mzima, malipo kwa ngozi, na faida halisi inapatikana mnadani London. Dukani mteja ana fedha mkononi, anaweza kuvuka barabara, anataka kitu cha mtindo wa msimu huu, na faida inapatikana palepale kwenye kaunta. Mtu aliyezoea kukopesha baruti hawezi ghafla kujua mikono ya gauni mwaka huu ni mirefu au mifupi. Bodi ilikuwa London na iliendelea kuamua kwa barua.

Duka lao kubwa la kwanza lilifunguliwa Winnipeg 1881, wahamiaji walipoanza kumiminika. Kwa miaka zaidi ya ishirini lilijiendea, hadi Eaton's, wauzaji halisi kutoka Toronto, walipofungua Winnipeg mwaka 1905 na kuonyesha duka linavyoendeshwa. Baada ya 1910 kampuni ikajigawa idara tatu zenye hesabu zake: manyoya, ardhi, maduka. Ushauri ukatoka duka la Harrods la London. Ikaanza kujenga majengo makubwa ya magharibi: Calgary 1913, mwisho Winnipeg 1926. Fedha za ardhi ndizo zilizosaidia kusimamisha majengo hayo, kwa hiyo hoja ya Bi_Kanyenye inafika hadi hapo.

Baadaye ilinunua kampuni nyingine za maduka badala ya kukua yenyewe: Morgan's ya Montreal 1960, Zellers 1978, Simpsons mwishoni mwa 1978. Mwaka 1970 makao makuu yakahama kutoka London kwenda Kanada. Deni la manunuzi hayo, riba zilipopaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, likailazimisha kuuza vitu. Mwaka 1987 ikauza nyumba zake za mnada wa manyoya na maduka ya kaskazini, yale hasa yaliyotokana na vituo vya zamani. Walionunua maduka hayo wakayapa jina la North West Company, mshindani aliyemezwa 1821. Hayo yapo na yanauza hadi leo.

Sasa kifo. Mtandao ulichangia, sikatai. Lakini soma miamala hii kwa mfuatano. 2008 kampuni inachukuliwa na wawekezaji wa Marekani ambao utaalamu wao ni majengo. 2011 inauzia Target, kampuni ya maduka ya Marekani, haki za upangaji wa maduka hadi 220 ya Zellers kwa dola za Kanada bilioni 1.825: pango likawa na thamani kuliko biashara iliyokuwa ndani. 2013 inanunua maduka ya Saks ya New York kwa dola za Marekani bilioni 2.9 pamoja na madeni yake. 2014 inauza jengo la Queen Street, Toronto, kwa dola za Kanada milioni 650, na siku hiyohiyo inakuwa mpangaji humo. 2015 majengo mengine yanaingizwa kwenye ubia na kampuni ya viwanja ya RioCan.

Duka lililo kwenye jengo lake likipata mwaka mbaya, linabana matumizi na kusubiri. Lililouza jengo linadaiwa pango mwaka mbaya kama mwaka mzuri. Mauzo yakishuka, wenye bidhaa wanacheleweshewa malipo. Wakicheleweshewa wanaacha kuleta. Rafu zikiwa tupu mteja haji. Na pango bado liko palepale. Machi 7, 2025 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na maduka 80 ya jina lake, machache ya Saks, na wafanyakazi zaidi ya 9,000. Juni 1 yote yakafungwa. Canadian Tire, kampuni nyingine ya maduka ya Kanada, ikanunua jina, nembo na ile mistari ya rangi nne kwa dola za Kanada milioni 30.

Kibirizi_77 (Kigoma)

Mwalimu, kama unataka wanafunzi washike nyaraka zenyewe, kumbukumbu za kampuni ziko Winnipeg katika hifadhi ya mkoa wa Manitoba, na sehemu kubwa ya filamu zilizopigwa picha za nyaraka hizo imewekwa mtandaoni bure. Herufi A ni nyaraka za London, B ni za vituo. Kila kituo kina namba. York Factory ni B.239. Baada ya mkwaju (/), herufi ndogo a ni shajara za kila siku, b barua, d hesabu. Ukiandika B.239/a unapata shajara za York Factory.

Mitego ni mitatu. Kabla ya 1752 Waingereza walianza mwaka mpya Machi 25, hivyo Februari 1719 ya shajara kwetu ni Februari 1720. Mwanafunzi asiporekebisha, ataona ngozi zinafika kabla ya kuwindwa. Pili, mwaka wa biashara wa karne ya 19 ulianza Juni na kuishia Mei, kwa hiyo hesabu zilizoandikwa 1830 zinaingia hadi 1831. Tatu, pauni ilikuwa shilingi 20 na shilingi ilikuwa peni 12. Usijumlishe kwa desimali.

Pakua kurasa chache mapema, shuleni mtandao ukiwa mzito picha hizo hazifunguki. Chagua za mwezi Agosti. Ndipo meli inapofika, na mwandishi anaacha kusimulia upepo na kuni anaanza kuhesabu mizigo.